Chuma Laini Kupita Kiasi

Ripoti ya mtaalamu aliyeletwa na kiwanda ilikuwa na kurasa kumi na nne, na katika kurasa zote hizo jina la marehemu lilitajwa mara moja tu, tena limekosewa. Inspekta Chuang Hsiu-luan aliisoma mara mbili akiwa amesimama dirishani, kisha akaibwaga mezani mbele ya Sajini Ko.

"Soma mwisho."

Sajini Ko, mtu mnene aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alisukuma kando boksi lake la wali na nyama ya nguruwe, ingawa ilikuwa saa nne tu asubuhi, akafuta vidole na kusoma kwa sauti. "'Chanzo cha ajali ni ukwanguaji duni wa uso wa chini wa meza, kazi ya fundi Tseng Huo-wang, pamoja na uzembe wa mfanyakazi wa kigeni aliyeingiza mwili mahali pasiporuhusiwa.'" Akainua macho. "Basi, Mkuu. Mzee mmoja na marehemu mmoja. Kesi imeisha."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda hakimo. Kiwanda kimelia sana, kimetuma maua."

Chuang hakucheka. Ajali yenyewe ilitokea tarehe tatu Machi, wiki mbili zilizopita, katika kiwanda cha mashine huko Shengang, nje kidogo ya Taichung. Mashine kubwa ya kusaga chuma ilikuwa inajaribiwa kabla ya kupelekwa bandarini. Meza yake, chuma kitupu cha tani nne, inatakiwa iteleze mbele na nyuma juu ya reli mbili zenye oili, ikisukumwa na pistoni. Siku hiyo ilikwama katikati ya safari. Bui Van Thoan, Mvietinamu wa miaka ishirini na tisa, aliinama kwenye ncha ya reli, kopo la oili mkononi, aone kama mafuta yanafika. Presha ikawa inajazana nyuma ya pistoni. Meza ilipoachia ilichupa kwa mkupuo mmoja na kumbana kwenye nguzo. Gari la wagonjwa lilimkuta ameshakufa.

Mwendesha mashtaka alitaka jalada saa kumi jioni. Likienda na ripoti hii, Mzee Tseng, mwenye miaka sitini na sita, angeshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na wazazi wa Thoan wangeandikiwa kwamba mtoto wao alijiua kwa ujinga wake mwenyewe. Chuang alikuwa na saa sita.

"Mwite mzee," alisema.

Mzee Tseng aliingia na kofia ya skuta kichwani. Hakuivua.

"Nimewaambia mara nne," alianza kabla ya kuketi. "Mara ya tano nitawaandikia ukutani. Mashine ile mimi sikuikwangua."

"Kadi ya ukaguzi ina muhuri wa jina lako, mzee wangu."

"Muhuri wangu unalala kwenye droo ya karani wa kiwanda tangu mwaka nilioajiriwa. Na wa msimamizi Yen, na wa Thoan, na wa kila mtu. Kifurushi kikija, karani anagonga. Ukiomba likizo, anagonga. Ukifa nadhani anagonga vilevile. Wewe Afande, wa kwako uko wapi?"

Muhuri wa Chuang ulikuwa ghorofa ya chini, kwenye droo ya karani wa kituo, ukilala ubavuni mwa muhuri wa Ko. Ko akakohoa na kuangalia dari.

"Ilipokuwa inaunganishwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Changhua, kwa mteja, natengeneza mashine yake. Jumatatu mpaka Jumamosi. Nimerudi, meza nimeikuta imeshapandishwa juu ya reli na kufunikwa turubai. Nauliza nani kakwangua, naambiwa mzee pumzika. Sasa itazame hiyo kadi. Imeandikwa Jumapili! Eti nimekwangua meza nzima Jumapili moja, peke yangu, halafu nikaenda nyumbani kula tambi. Huyo mtaalamu wenu hakujiuliza hata hilo?"

"Aliandika kwamba haraka ndiyo iliyoharibu kazi," alisema Ko.

"Haraka!" Mzee alisimama, akapandisha shati. Juu kidogo ya nyonga ya kulia palikuwa na sugu kubwa ya rangi ya kahawia, ngumu kama kisigino. "Miaka arobaini na tano mpini wa kikwangulio unaegemea hapa. Nimezuiwa getini. Nashtakiwa kwa uso wa chuma ambao sijaonyeshwa. Mimi nataka niuone tu. Nikiukuta ni wangu, nitaingia ndani kwa miguu yangu, hamtahitaji pingu."

Lilikuwa ombi la haki kabisa, na Chuang alikasirika kwamba wiki mbili zimepita bila yeye mwenyewe kulifikiria. Alichukua funguo za gari.

Mkurugenzi Hsiao Keng-yao aliwapokea kwa chai. Alikuwa na trei ya mbao yenye mfereji wake, vikombe vidogo vya kunywa mara moja, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa akiwa amekaa. Alipomwona Mzee Tseng nyuma ya Ko, mkono uliokuwa unamimina ulisita.

"Afande, kwa heshima zote. Huyu ni mtuhumiwa."

"Ni shahidi mpaka nitakaposema vinginevyo. Naomba meza ile inyanyuliwe."

"Mtaalamu ameshaiona. Na mashine ina lakiri yenu. Ukimtoa mtaalamu, tangu siku ile hakuna aliyeigusa, nimewakataza wafanyakazi hata kuipitia karibu. Tulifunga kiwanda siku tatu nzima, tarehe tisa mpaka kumi na moja, kwa heshima ya marehemu. Nani siku hizi anafanya hivyo kwa mgeni?"

"Hakuna aliyeigusa. Nikuandike hivyo?"

"Andika."

Chuang aliandika, akamsomea, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Na kama mnatafuta sababu," Hsiao aliongeza akisogeza kikombe, "angalieni pia oili. Hawa vijana hawasomi lebo. Huenda alimimina isiyo yake."

Ko alikwenda tangini na kurudi baada ya dakika tano. "Oili ni ileile ya kwenye kitabu cha mashine, Mkuu. Pipa ni lilelile, na sampuli tulishapima wiki iliyopita. Bosi alipewa nakala ya majibu."

"Nilisahau," alisema Hsiao.

Hakuwa amesahau. Alikuwa amejaribu kumwangushia jumba bovu mtu ambaye hawezi kujibu, na alifanya hivyo huku ananyunyiza majani ya chai. Chuang aliacha kikombe chake kikipoa bila kukigusa.

Karakana ilikuwa ndefu na safi. Juu ya kila kabati la umeme palikuwa na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, iliyowekwa wima, ili mashine itulie na kufanya kazi yake bila ukorofi. Karakana zote za mji ule zinazo, hata kituo cha polisi kinayo juu ya kompyuta. Lakini lazima iwe ya kijani, na isiwe imepitwa na tarehe.

Aliyeendesha winchi ya juu alikuwa msimamizi, Yen Kuo-tung, mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye midomo myekundu kwa kutafuna popoo. Alimwinamia mzee mpaka kiunoni.

"Mwalimu."

Mzee Tseng alimfundisha kazi miaka minane. Leo alimpita bila kumjibu, maana Yen ndiye aliyesimama getini wiki iliyopita kumzuia asiingie.

Meza ilipanda taratibu, ikageuzwa na kulazwa chali juu ya magogo. Uso wake wa chini ulikuwa umejaa alama ndogo za mwezi mchanga, safu kwa safu, ziking'aa kila taa ilipozipiga. Ni kitu cha kupendeza macho. Katikati yake ilipita michirizi mirefu myeusi, mahali chuma kilipong'ata chuma siku ya ajali.

"Mnaona wenyewe," alisema Hsiao. "Imekwanguliwa. Ila vibaya."

Mzee Tseng alivaa miwani. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya chuma, polepole, kutoka ncha moja hadi nyingine. Alipofika katikati kiganja kilisimama. Mtu aliyekuwa anafoka tangu asubuhi alinyamaza kimya.

"Mzee?" Chuang alisogea. "Ni yako?"

"Si yangu."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

"Lo, ushahidi mkubwa huo," alisema Hsiao.

Mzee alimgeukia, na sauti ikamrudia. "Wewe umerithi kiwanda, hukurithi masikio! Afande, usimsikilize huyu kabla hujaelewa kitu kimoja. Yen, lete vile vipande vya kupimia."

Yen alileta kisanduku. Mzee alitoa vipande viwili vya chuma, vidogo kama biskuti na vyenye kung'aa kama kioo, akavifuta kwa kitambaa, akavitelezesha kimoja juu ya kingine kwa kuvibana. Akampa Ko.

"Vitenganishe. Usitelezeshe, vuta."

Ko alivuta. Akavuta tena, shingo ikamwiva. "Umeweka gundi."

"Hakuna gundi. Ni ulaini tu. Chuma kikilainishwa kupita kiasi, kikikutana na mwenzake hakuna kitu kinachoweza kukaa kati yao. Wenye shahada zao wanadhani kitu kikiwa laini ndiyo kinateleza. Sasa chukua ulaini huo, uubebeshe tani nne. Oili yote inakamuliwa pembeni, meza inakaa kavu, inang'ata. Ndiyo maana tunakwangua. Unapaka rangi nyekundu, unasugua kwa rula ya chuma, palipoinuka panajionyesha, unapakwangua. Panabaki vishimo ambavyo unywele ni mnene kuliko kina chake. Kila kishimo ni kibakuli cha oili. Meza inaelea."

"Na uso huu una vibakuli," alisema Chuang.

"Unavyo."

"Basi kwa nini ulikwama?"

Mzee hakujibu. Alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Chuang alimtazama yeye, kisha akatazama chuma. Mtu anayetafuta kujiokoa hanyamazi mahali kama pale. Alichukua lenzi kutoka mfukoni, akapiga magoti.

Aliufuata mchirizi mmoja mweusi kidole kwa kidole. Ulikuwa na kina cha kushika ukucha. Ndani yake kulikuwa na oili iliyoungua, nyeusi kama masizi. Alama za kukwangua zilipita juu yake kwa mshazari, nazo zilikuwa nyeupe, bila doa. Akapapasa kingo za mchirizi kwa ncha ya kidole. Zilikuwa bapa.

"Sajini, umewahi kulima?"

"Baba alikuwa na shamba la mpunga Yuanlin, Mkuu. Nililikimbia nikaja polisi."

"Plau likipita, udongo unakwenda wapi?"

"Pande zote mbili. Unapata tuta huku na tuta huku."

"Njoo unionyeshe tuta."

Ko alipiga magoti kwa kuguna, akapapasa. "Hakuna tuta."

"Chuma kimelimwa, na udongo wake haupo. Umeondolewa. Na kilichouondoa ni hizi alama, kwa sababu zimevuka mfereji juu kwa juu na kuacha masizi chini. Kama zingekuwepo kabla ya ajali, mchirizi ungezichana katikati na zenyewe zingekuwa zimeungua." Aliinuka, akajipangusa magoti. "Mkurugenzi, uso huu umekwanguliwa baada ya Thoan kufa."

Hsiao aliweka mikono mfukoni. "Hayo ni maoni yako. Mtaalamu ana shahada ya uzamivu."

"Mtaalamu uliyemlipa."

"Nimekwambia hakuna aliyegusa mashine! Lakiri yenu ipo pale kwenye swichi, nzima. Ithibitishe."

Kweli ilikuwepo, karatasi nyekundu na nyeupe, haijachanika. Lakini winchi ina swichi yake mwenyewe ukutani, na meza inaweza kunyanyuliwa na kurudishwa mara kumi bila mtu kugusa umeme wa mashine. Chuang alilijua hilo, na alijua pia kwamba wakili yeyote angesema kuweza kufanya si kufanya. Alitazama saa. Saa saba na robo.

"Mkuu," aliita Ko kutoka kwenye kabati la umeme. "Njoo kwanza."

"Acha bisi za watu, Sajini."

"Sizili hizi, si mwendawazimu mimi. Nilitaka kuona tu kama zimepitwa. Unakumbuka ile ya kituoni ilivyopitwa, mfumo wote ukazimika siku mbili?" Ko alikuwa amevaa glavu na kuishika pakiti kwa ncha mbili. "Hii haijapitwa. Hii ni mbichi kabisa. Imetengenezwa tarehe tano Machi."

Winchi ilikuwa imezimwa na karakana nzima ilisikia.

Chuang alifungua jalada, akatoa picha zilizopigwa saa moja baada ya ajali. Kwenye picha ya tatu kabati lilionekana vizuri, na juu yake pakiti ya kijani. Akaiinua picha hiyo mbele ya Hsiao.

"Tarehe tatu pakiti ilikuwa hapa. Leo pakiti iko hapa. Ila hii ya leo ilitoka kiwandani kwake siku mbili baada ya mtu kufa. Nani alikuja kuibadilisha kwenye mashine ambayo hakuna aliyeigusa?"

"Mfagizi labda."

"Mfagizi uliyemkataza hata kuipitia karibu?"

Hsiao hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anamtazama msimamizi wake kwa macho ya mtu anayetaka kumpiga. Yen alikuwa amelitema popoo lake kwenye kikombe cha karatasi na kukishika kwa mikono miwili.

"Mpumbavu wewe," Hsiao alisema taratibu. "Bisi!"

"Ya zamani ilishuhudia," alisema Yen. "Ilikuwa pale, mtu akafa. Nitafungaje mashine na pakiti iliyoshindwa kazi yake?"

Chuang alimchukua Yen mpaka kwenye chumba cha kulia chakula. Mzee Tseng aliwafuata, na Chuang hakumzuia.

"Unasukumia kikwangulio kwa nyonga ipi?" Chuang alimuuliza Yen.

Yen aligusa upande wa kushoto.

"Alama zote zimelalia huko. Mzee aliliona hilo kwa kiganja kabla mimi sijatoa lenzi, ndiyo maana akanyamaza. Alikuwa tayari kwenda ndani badala ya kukutaja. Wewe ulikuwa tayari kumwacha aende. Sasa sema."

Yen alisema, akiwa ameinamisha kichwa. Mteja wa ng'ambo alitaka mashine iwe melini tarehe kumi. Meza na reli zilisagwa kwa jiwe mpaka zikawa kama kioo, kazi ya nusu siku. Yen aliomba siku nne za kukwangua. Mkurugenzi akamuuliza nani atakwenda kutazama chini ya meza. Jumapili karani akagonga muhuri wa Mzee Tseng kwenye kadi kwa sababu mteja analijua jina hilo na analiamini.

"Siku ya majaribio?"

"Meza ilitembea kwa kushtuka, kama mtu mwenye kwikwi. Thoan alikuwa wa kwanza kuona. Kichina chake kidogo, lakini alisema mara tatu. 'Oili haikai, kaka Yen. Oili haikai.' Nikampigia bosi ofisini. Akasema ongezeni presha."

"Na nani aliongeza?"

"Mimi." Yen alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Thoan akaenda kutazama kwa macho yake, maana hakuna aliyemsikiliza."

Chuang aliacha kuandika. Katika ripoti ya kurasa kumi na nne, mtu pekee aliyeutambua ubovu wa mashine ile aliitwa mzembe. Kuna uovu ambao mtu huufanya kwa woga, na huo unaweza kuuelewa. Huu ulikuwa umepigwa chapa, ukasahihishwa na kuwekwa kwenye bahasha nzuri. Akafungua ukurasa mpya.

"Hizi siku tatu za maombolezo," alisema.

"Kila mtu alipewa likizo. Mimi nikafungiwa humu na vikwangulio. Bosi alisema ikionekana haijakwanguliwa tumekwisha wote, ila ikionekana imekwanguliwa vibaya, amekwisha mmoja tu, tena mzee, hakimu atamhurumia."

Saa tisa kasorobo walirudi karakanani. Hsiao alikuwa kwenye simu na wakili. Ko alimwomba simu hiyo kwa upole, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, na kumweleza kwamba anakamatwa kwa kusababisha kifo, kughushi kadi ya ukaguzi na kuharibu ushahidi.

"Nilikuwa na muda gani mimi?" Hsiao alipiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupandisha sauti. "Meli haisubiri! Siku nne kwa ajili ya vishimo visivyoonekana kwa macho! Nyie mnalipwa mwisho wa mwezi, mnajua nini kuhusu meli?"

Yen aliinyoosha mikono yake kabla ya kuambiwa. Ko alimfunga pingu kwa mbele.

"Mzee wangu," Chuang alisema, "wewe uko huru. Sajini atakurudisha kwenye skuta yako. Na ule mstari kuhusu Thoan nitaufuta mwenyewe, na maneno yake kuhusu oili yataingia mahali pake kama alivyoyasema."

Mzee Tseng alikuwa kama hamsikii. Alikwenda kwenye rafu, akachukua kopo la rangi nyekundu na rula ndefu ya chuma. Alipaka rangi, akailaza rula juu ya uso wa meza, akaisukuma mara mbili na kuinyanyua. Chembe nyekundu zilijitokeza kote, zimeenea sawasawa. Alitoa mfukoni kifremu cha bati chenye tundu la mraba, upana wa vidole viwili hivi, akakiweka juu ya chuma na kuhesabu chembe zilizo ndani ya tundu kwa ncha ya kalamu. Akakihamisha, akahesabu tena. Alifanya hivyo mahali patano, wote wakimsubiri, hata Hsiao.

"Ishirini na mbili," alisema. "Ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Hakuna pengo. Hii ni kazi safi." Alimgeukia Yen. "Ulikuwa unaficha tu. Ungechora alama za juujuu, nani angejua? Kwa nini ulikwangua kweli?"

"Sikuweza, Mwalimu." Yen alikuwa analia waziwazi sasa. "Nilianza kuchora. Mkono ulikataa."

"Kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mzee Tseng alilaza rula juu ya gogo, akafuta rangi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akamwendea Mkurugenzi Hsiao, akasimama karibu naye kiasi kwamba Ko alipiga hatua.

"Siku tatu," alimwambia. "Ulizikosa akiwa hai, ukazipata alipokufa. Sasa mashine yako ni nzima, bosi. Oili itakaa, meza itaelea, haitamgusa mtu. Haya, mwite Thoan aje aiwashe."